Jinsi ya kuchagua kasha dogo la tarakilishi inayopozwa kwa maji

WAHENGA walisema kwamba mchagua jembe si mkulima. Hata hivyo, anayetaka kuunda tarakilishi ndogo inayopozwa kwa maji hana budi kuwa mteuzi, kwa maana kasha likishanunuliwa, ndilo litakaloamua ni vifaa gani vingine vitakavyoingia ndani yake.

Wengi huanza na sura. Huona picha ya kasha jembamba la alumini lililotulia juu ya meza, wakavutiwa nalo, wakaagiza. Kosa hugunduliwa siku vifaa vyote vinapokuwa vimetandazwa sakafuni: rejeta imezidi kwa milimita nane, kadi ya michoro inabana mipira ya maji, na muuzaji yuko ng'ambo, ambako gharama ya kurudisha mzigo inakaribia bei ya kasha lenyewe.

Kinga ya hasara hiyo ni kanuni moja. Joto hukadiriwa kwanza, rejeta huchaguliwa kulingana na joto hilo, na kasha hutafutwa mwisho, likiwa lile lililo na nafasi ya kuipokea rejeta hiyo. Anayeigeuza kanuni hii huishia kununua mara mbili.

Kasha dogo ni lipi?

Udogo wa kasha hupimwa kwa lita. Mnunuzi huzidisha upana, kimo na kina kwa milimita, kisha jibu akaligawa kwa milioni moja. Kasha la NR200 la kampuni ya Cooler Master, lililotoka mwaka wa 2020, lina milimita 185 kwa 274 kwa 360, yaani takriban lita 18.25. Makasha mengi ya kawaida ya kusimama chini ya meza huwa na lita 40 au zaidi.

Kwa kawaida, wapenzi wa tarakilishi ndogo huliita kasha dogo likiwa na chini ya lita 20. Lililo chini ya lita 10 ni dogo mno, na ndani yake kila milimita ina mwenyewe.

Msingi wa makasha haya ni ubao mama wa aina ya Mini-ITX, uliobuniwa na kampuni ya VIA ya Taiwan mwaka wa 2001. Ubao huo ni mraba wa milimita 170 kila upande, ilhali ubao wa kawaida wa ATX una milimita 305 kwa 244. Udogo huo una gharama yake: Mini-ITX huwa na nafasi moja tu ya kadi kubwa na, mara nyingi, nafasi mbili za kumbukumbu.

Lita pekee, hata hivyo, hazitoshi kumwongoza mnunuzi. Makasha mawili yenye ujazo sawa yanaweza kutofautiana kabisa, moja likapokea rejeta kubwa na jingine likakataa hata ndogo. Jambo la kuzingatia ni jinsi nafasi ilivyogawanywa ndani.

Maji hufanya kazi gani?

Maji hayaondoi joto, hulihamisha tu. Bamba la shaba hulalia kichakataji na kufyonza joto lake. Maji hupita ndani ya bamba hilo, yakachukua joto na kulipeleka kupitia mipira hadi kwenye rejeta, inayofanana na ile ya gari ila ni ndogo. Hapo feni hupuliza hewa kati ya mapezi membamba ya rejeta na kulitoa joto nje. Pampu huyarudisha maji kwenye bamba, na safari huanza upya.

Maji yanafaa kwa kazi hii kwa sababu lita moja ya maji hubeba joto takriban mara 3,500 ya lita moja ya hewa, zote zikipanda nyuzi sawa. Ndiyo maana mpira mwembamba kama kidole unaweza kuhamisha joto ambalo lingehitaji mkondo mkubwa wa hewa.

Faida yake katika kasha dogo ni ya nafasi. Kipozeo cha hewa chenye nguvu huwa mnara mrefu wa mapezi juu ya kichakataji, na kasha jembamba halina kimo cha kuupokea. Maji humwezesha fundi kuliacha bamba dogo juu ya kichakataji na kuipeleka rejeta kwingine penye nafasi.

Hata hivyo, maji hayawezi kukipoza kifaa hadi chini ya halijoto ya chumba. Chumba kikiwa na nyuzi 32, maji yatakuwa juu ya nyuzi 32, na kichakataji juu zaidi ya hapo.

Joto hukadiriwa kwanza

Karibu umeme wote unaoingia katika kichakataji au kadi ya michoro hutoka ukiwa joto. Kwa hivyo, idadi ya wati iliyotangazwa na mtengenezaji ni kipimo kizuri cha kazi inayoingojea rejeta.

Tofauti kati ya vifaa ni kubwa. Kichakataji cha Ryzen 5 7600 cha kampuni ya AMD kimekadiriwa kwa wati 65, na Ryzen 7 7800X3D kwa wati 120. Core i9-14900K cha Intel kinaweza kufika wati 253 kikiwa kazini. Kwa upande wa kadi za michoro za Nvidia, RTX 4060 hutumia wati 115, RTX 4070 wati 200, RTX 4090 wati 450, na RTX 5090 iliyotoka mwaka wa 2025 hutumia wati 575.

Kutokana na takwimu hizi, ni wazi kwamba si kila tarakilishi ndogo inahitaji maji. Mwenye kichakataji cha wati 65 anaweza kutosheka na kipozeo kifupi cha hewa. Kile cha Noctua NH-L9i, kwa mfano, kina kimo cha milimita 37 pamoja na feni yake. Hakina pampu ya kufa wala maji ya kuvuja, na huingia katika makasha ambayo hayana nafasi ya rejeta yoyote.

Maji huanza kuwa na maana kichakataji kinapopita wati 100 katika kasha jembamba, au mwenye tarakilishi anapotaka kimya katika kazi nzito kama vile kuhariri video. Kadi ya michoro, kwa upande wake, kwa kawaida huja na feni zake na inaweza kuachwa hivyo.

Anayetaka kuvipoza vyote viwili kwa maji anaweza kuanza na kadirio la mafundi wengi: milimita 120 za rejeta kwa kila kifaa kinachopozwa, kisha 120 nyingine za ziada. Kwa vifaa viwili hiyo ni rejeta ya 360, ambayo makasha mengi madogo hayaipokei. Zaidi ya hayo, kadirio hilo lilianza wakati kadi zilipokuwa zikitumia umeme mdogo. Kadi ya wati 450 haipasi kupimwa kwa kijiti kile kile.

Urefu, upana na unene wa rejeta

Rejeta huitwa kwa ukubwa wa feni zake. Ya 120 hubeba feni moja ya milimita 120, ya 240 hubeba mbili, na ya 280 hubeba mbili za milimita 140. Jina hili huwapotosha wengi, kwa kuwa rejeta yenyewe ni ndefu kuliko jina lake. Ya 240 huwa na urefu wa karibu milimita 277, kwani ncha zake zina vitangi vidogo vya maji. Ya 280 hukaribia milimita 315.

Kipimo kinachosahaulika zaidi ni unene. Rejeta nyingi za mifumo iliyofungwa kiwandani zina unene wa milimita 27, na feni ya kawaida ina milimita 25. Zikiunganishwa huwa milimita 52. Rejeta za mfululizo wa Liquid Freezer za kampuni ya Arctic zina unene wa milimita 38, na pamoja na feni ya kawaida hufikia milimita 63.

Mfano wa kasha la A4-H2O unaonyesha uzito wa hesabu hii. Kasha hilo la lita 11, lililotolewa na kampuni ya Lian Li kwa ushirikiano na DAN mwaka wa 2022, hupokea rejeta ya 240 upande wa juu. Hata hivyo, unene wa rejeta na feni kwa jumla haupaswi kuzidi milimita 55.

Mfumo wa milimita 52 utaingia na kubakisha milimita tatu. Ule wa milimita 63 hautaingia kamwe, japo sanduku lake pia limeandikwa 240. Njia pekee ya kuutumia ingekuwa kuzibadilisha feni zake kwa nyembamba za milimita 15, ili jumla iwe milimita 53. Feni nyembamba lakini husukuma hewa kidogo zaidi na hulazimika kuzunguka kwa kasi, hivyo kelele huongezeka na faida ya unene wa rejeta hupungua.

Kutokana na hayo, maneno "hupokea rejeta ya 240" katika tangazo la kasha hayatoshi. Mnunuzi anapaswa kuuliza: ndefu kiasi gani, nene kiasi gani, na kwa sharti gani?

Nafasi moja, wapangaji wawili

Sharti hilo ndilo hujificha katika maandishi madogo. Katika kasha kubwa, rejeta, kadi na pawa saplai kila kimoja kina chumba chake. Katika kasha dogo, nafasi moja huandikiwa wapangaji wawili, na mmoja akiingia mwingine hutoka.

Orodha ya NR200 inasema kwamba kasha hilo hupokea kipozeo cha hewa chenye kimo cha milimita 155, na pia rejeta ya hadi 280 ubavuni. Yote mawili ni kweli, lakini si kwa wakati mmoja. Rejeta ya ubavuni hukaa mbele ya kichakataji, mahali pale pale ambapo mnara wa hewa ungejitokeza.

Kuna mipangilio miwili mikuu. Wa kwanza ni wa kale, ambapo kadi huchomekwa moja kwa moja kwenye ubao mama. NR200 hufuata mpangilio huu, sawa na Ncase M1, kasha la lita 12.6 lililochangiwa fedha na wanunuzi mtandaoni mwaka wa 2013 na ambalo lilikuwa miongoni mwa yaliyothibitisha kwamba rejeta ya 240 inaweza kuingia katika kasha dogo hivyo. Mpangilio huu una nyaya chache na ni rahisi kwa anayeanza.

Wa pili huiweka kadi nyuma ya ubao mama, mgongo kwa mgongo, kama vipande viwili vya mkate. Kebo pana huviunganisha. Kasha la DAN A4-SFX la takriban lita saba ndilo lililoupa mpangilio huu umaarufu, na A4-H2O ni mrithi wake mwenye nafasi ya rejeta. Mpangilio huu huokoa nafasi nyingi na kuipa kadi hewa yake yenyewe kutoka nje.

Ubaya wake ni kwamba upande wa ubao mama huwa mwembamba. Katika A4-H2O, kitu kinachokaa juu ya kichakataji hakifai kuzidi kimo cha milimita 55. Baadhi ya pampu zenye skrini na taa za urembo hupita kipimo hicho, na anayezinunua bila kupima hushindwa kulifunga kasha.

Mipira ya maji nayo inahitaji mahali pa kupita. Mipira ya mifumo ya kiwandani hutengenezwa mirefu ili itoshe katika makasha makubwa. Ndani ya kasha dogo, urefu huo hugeuka mzigo: hukunjwa kwa nguvu, husukuma vijiti vya kumbukumbu au hugusa feni ya kadi. Mpira uliokunjwa hadi ukabanika hupunguza mwendo wa maji.

Pampu isikae juu ya rejeta

Ndani ya kila mfumo wa maji kuna hewa kidogo. Aidha, miaka inavyopita, maji kidogo sana hupenya kwenye kuta za mipira na kupotea, na hewa hiyo huongezeka. Hewa hupanda juu daima, na swali ni itakwenda kukaa wapi.

Sehemu ya juu ya rejeta ikiwa juu kuliko pampu, hewa hukusanyika katika kitangi cha rejeta na haidhuru kitu. Pampu ikiwa ndiyo iliyo juu kabisa, hewa huingia humo. Kwanza husikika mlio wa kububujika, kisha halijoto hupanda, na hatimaye maisha ya pampu hufupika.

Kwa sababu hiyo, kasha linaloweka rejeta juu ni salama kwa upande huu. La ubavuni linafaa pia, mradi ncha ya juu ya rejeta ipite kimo cha pampu, na mipira ikitokea upande wa chini ni bora zaidi. La kutiliwa shaka ni kasha ambalo nafasi yake pekee ya rejeta iko chini, ilhali pampu ya mfumo unaokusudiwa hukaa juu ya kichakataji.

Isitoshe, makasha mengi madogo yanaweza kulazwa au kusimamishwa. Mwenye kufanya hivyo akumbuke kwamba kulizungusha kasha huhamisha hewa, na lililokuwa chini laweza kuwa juu.

Pawa saplai na kebo ya kadi

Pawa saplai ya kawaida ya ATX ina upana wa milimita 150, kimo cha 86 na kina cha 140 au zaidi, yaani karibu lita 1.8. Ile ndogo ya SFX ina milimita 125 kwa 63.5 kwa 100, ambazo hazifiki hata lita 0.8. Katika kasha la lita 11, lita nzima iliyookolewa ni nafasi ya rejeta. Ndiyo sababu makasha mengi ya aina hii hudai SFX, na mnunuzi hana budi kuiweka bei yake katika bajeti mapema, kwa kuwa hugharimu zaidi ya ATX ya nguvu sawa.

Katika makasha ya mgongo kwa mgongo, kebo ya kadi ni kifaa cha kuchunguzwa kwa makini. Kebo ya kizazi cha tatu ikipewa kadi ya kizazi cha nne, tarakilishi inaweza kukataa kuonyesha picha au kuzima ovyo, hadi kasi ipunguzwe katika mipangilio ya ubao mama. Anayenunua kasha lililokwisha kutumika aulize kizazi cha kebo yake.

Kisa cha NZXT H1 kinaonyesha kwamba suala hili si la kasi tu. Kasha hilo jembamba lilitoka mwaka wa 2020 likiwa na rejeta ya 140 na pawa saplai vilivyokwisha kufungwa ndani, na likapendwa kwa urahisi wake. Baadaye iligunduliwa kwamba skrubu zilizoshikilia kadi ndogo ya kebo hiyo zingeweza kugusa njia ya umeme na kusababisha shoti na moto. Kampuni ilianza kwa kutuma skrubu za nailoni. Hatimaye, mnamo Februari 2021, makasha hayo yaliitishwa rasmi nchini Marekani kupitia tume ya usalama wa bidhaa za watumiaji, na wenye nayo wakapewa kipuri kilichobuniwa upya.

Funzo ni kwamba tatizo halikutoka kwa maji ambayo wengi huyahofia, bali kwa skrubu. Anayepata H1 ya mwanzo kwa bei ya kuvutia ana haki ya kuuliza iwapo kipuri hicho kilibadilishwa.

Wa kiwandani au wa kujiundia?

Mfumo uliofungwa kiwandani huja ukiwa umejazwa maji na hauhitaji kufunguliwa. Kwa anayeunda tarakilishi ndogo kwa mara ya kwanza, ndio unaofaa. Udhaifu wake ni kwamba pampu ikifa, mfumo mzima hubadilishwa. Arctic, kwa mfano, ilitangaza dhamana ya miaka sita kwa Liquid Freezer III. Mnunuzi alinganishe muda wa dhamana kama anavyolinganisha bei.

Mfumo wa kujiundia huhitaji pampu, tangi, rejeta, mabamba, viungio na mipira, kila kimoja kikinunuliwa peke yake. Kasha lake lazima liwe na mahali pa pampu na tangi, jambo ambalo orodha nyingi za makasha madogo hazilitaji. Faida yake kubwa ni kwamba kadi ikivuliwa feni na mapezi yake na kuvikwa bamba la maji huwa nyembamba sana. RTX 4090 ya Nvidia yenyewe ina unene wa milimita 61. Ikivikwa bamba, unene huo hupungua kwa zaidi ya nusu, na nafasi inayobaki inaweza kupewa rejeta nyingine.

Yapo makosa mawili yasiyosameheka hapa. La kwanza ni kuchanganya bamba la shaba na rejeta ya alumini katika maji mamoja, kwani alumini huliwa na kutu ya kikemikali na mashapo yake huziba njia nyembamba za bamba. La pili ni kutia maji ya mfereji. Yanayofaa ni maji maalumu ya kupozea, au maji yaliyokenekwa pamoja na dawa ya kuzuia kutu na kuvu. Asidi ya betri, ambayo huuzwa karibu na maji hayo katika vituo vya petroli, isikaribie kabisa.

Maji yakimwagika hayazoleki. Kabla ya tarakilishi kuwashwa, fundi huiendesha pampu peke yake kwa saa 24, vifaa vingine vikiwa havina umeme, akiwa amezungushia kila kiungio karatasi nyeupe. Tone moja litaonekana. Kasha linalobanduka kuta zote hufanya ukaguzi huu kuwa rahisi. Lisilofunguka ila upande mmoja huuficha uvujaji hadi madhara yatokee.

Vumbi, joto la Pwani na hewa ya Nairobi

Majaribio mengi ya makasha hufanyiwa katika vyumba vya Ulaya na Marekani vyenye nyuzi 20 hadi 22. Mkazi wa Mombasa, ambako mchana wa Januari hadi Machi hupita nyuzi 30, aongeze tofauti hiyo ya nyuzi kumi au zaidi juu ya matokeo anayoyasoma. Kichakataji kilichofika nyuzi 80 huko kitakaribia 90 kwake. Kwa mkazi huyo, kasha la lita 18 linalopokea rejeta ya 280 lina busara kuliko la lita 10 linalobanana na 240.

Nairobi ina ubaridi, lakini iko zaidi ya mita 1,600 juu ya usawa wa bahari. Hewa yake ni nyepesi kwa takriban asilimia 15 ikilinganishwa na ya Pwani, na feni inayozunguka kwa kasi ile ile hubeba joto pungufu kwa kiasi hicho. Ubaridi wa chumba hufidia pengo hilo, bora mlango wa hewa usibanwe.

Vumbi ni adui wa wote. Mapezi ya rejeta yamekaribiana sana na hushika vumbi kama chujio. Kasha bora kwa anayeishi kando ya barabara ya murami ni lenye chujio linalochomoka bila skrubu, na ambalo rejeta yake inaweza kufikiwa kwa brashi bila mfumo mzima kuvunjwa. Kasha zuri la vyuma vyenye matundu hupitisha hewa kuliko la kioo, lakini huhitaji kupanguswa mara nyingi zaidi.

Kadhalika, unyevu wenye chumvi wa Pwani huharakisha kutu kwenye chuma kilichochubuka rangi. Alumini huvumilia zaidi, japo bei yake ni ya juu.

Jambo jingine ni hewa ya vifaa vingine. Kipozeo cha kawaida cha hewa hupuliza pia sehemu za umeme zilizo kando ya kichakataji na diski iliyo kwenye ubao mama. Bamba la maji halifanyi hivyo. Kasha lisilo na feni nyingine yoyote isipokuwa za rejeta linaweza kukipoza kichakataji vizuri huku sehemu hizo zikiungua polepole.

Ukaguzi kabla ya kulipa

Kabla ya fedha kutoka mfukoni, iwe ni kwa duka la mtandaoni au katika vibanda vya Luthuli Avenue jijini Nairobi, mnunuzi aandike majibu ya maswali yafuatayo kwenye karatasi:

1. Kichakataji na kadi vitatoa wati ngapi kwa jumla, na ni kipi kati yao kitapozwa kwa maji?

2. Rejeta iliyochaguliwa ina urefu gani halisi, si jina lake, na unene gani pamoja na feni?

3. Kasha linaruhusu vipimo hivyo mahali gani, na ni kifaa gani hukosa nafasi rejeta ikiwa hapo?

4. Pampu ina kimo gani, na itakuwa chini ya ncha ya juu ya rejeta kasha likisimama jinsi litakavyotumiwa?

5. Kadi ina urefu, kimo na unene gani, na waya wake wa umeme utapata nafasi ya kupinda?

6. Pawa saplai ni ya SFX au ATX, na kebo ya kadi ni ya kizazi gani?

7. Mipira itapita wapi, na chujio la vumbi litasafishwaje?

Jibu likikosekana katika tangazo, mwongozo wa kasha hupatikana katika tovuti ya mtengenezaji, nao huwa na michoro yenye vipimo. Dawa nyingine ya kale haijapitwa na wakati: kukata kadibodi kwa ukubwa wa rejeta, kadi na pawa saplai, kisha kuvipanga mezani ndani ya mstari wenye vipimo vya kasha. Kadibodi isiyotosha haigharimu chochote.

Mwenye majibu yote saba anaweza kulitazama kasha kwa jicho la urembo bila hofu. Rangi, kioo na taa vina nafasi yake, nayo ni baada ya milimita kukubaliana.